Pesa ya Mgeni Hulala Wapi?

Safu hii tumeitenga kwa barua za wasomaji kuhusu utalii na uchumi wa vijijini magharibi mwa Kenya na Nakuru. Bei tunazotumia katika hesabu ni za mfano tu. Weka zako mahali pake, mwendo wa hesabu haubadiliki.

Kila likizo magari ya wageni hupita Khayega yakielekea msitu wa Kakamega, mengine yanasimama kidogo kwenye Jiwe Linalolia pale Ilesi. Tunaambiwa utalii unainua kaunti. Mbona sisi wakulima hatuioni hiyo pesa? — Mzee, Shinyalu

Mzee wetu, pesa ipo, lakini nyingi huondoka na gari lililoileta. Tuanze na kiingilio, kwa sababu ndicho watu hukikazia macho. Upande wa Isecheno uko chini ya shirika la misitu, KFS. Upande wa Buyangu, kaskazini, uko chini ya shirika la wanyamapori, KWS. Yote mawili ni mashirika ya taifa. Katiba ya 2010 iliziachia kaunti utalii wa mashinani, lakini mbuga za taifa zikabaki kwa serikali kuu. Kwa hiyo anacholipa mgeni langoni hakiingii hazina ya Kakamega. Hata ule ushuru wa utalii wa asilimia 2 unaotozwa hotelini huenda kwenye hazina ya kitaifa ya utalii. Kaunti hubaki na ada ya leseni za biashara, maegesho, leseni za pombe na kodi ya ardhi. Si haba, ila hizo hazipandi kwa sababu tu basi moja zaidi limepita Ilesi likapigwa picha na kuondoka.

Sasa tumfuate mgeni mmoja. Amelipa shilingi 10,000 kwa ajenti wa Nairobi, usiku mmoja. Tuseme 2,000 ni za ajenti, 3,000 gari na mafuta, 600 kiingilio, 3,400 hoteli, 500 mwongozaji, na 500 anazitumia mwenyewe kununua ndizi, asali au kikapu. Katika zile 3,400 za hoteli, 900 zinalipa wafanyakazi wa hapa na 500 zinanunua chakula sokoni hapa. Zilizobaki ni umeme, bidhaa za supamaketi, mkopo, kodi, na faida ya mwenye hoteli ambaye huenda anaishi mbali. Ukijumlisha zilizobaki Shinyalu (900, 500, 500 na 500), unapata 2,400. Chini ya robo.

Mgeni huyohuyo akilala usiku wa pili, mambo yanageuka. Gari limeshalipwa, ajenti ameshachukua chake, na kwa ajili ya hesabu tuseme harudi kulipa kiingilio. Anaongeza 3,400 za malazi, 500 za mwongozaji na 500 za mfukoni, jumla 4,400, na zinazobaki kijijini ni zilezile 2,400. Hapo ni zaidi ya nusu. Ndiyo maana sisi hatushangilii idadi ya magari. Kaunti inayotaka kujua kama utalii unailipa ihesabu usiku waliolala watu, kisha iulize hoteli zinanunua wapi.

Tatizo la Kakamega ni kwamba Kisumu ni kilomita 50 hivi kwa lami. Mgeni analala Kisumu, anafika msituni saa nne au saa tano asubuhi wakati ndege wamenyamaza, anakula chakula alichofungashiwa hotelini, na mvua ya mchana inamfukuza. Dawa ya hilo ni kumuuzia alfajiri. Kupanda kilima cha Lirhanda kabla ya jua kuchomoza kunataka mtu awe njiani saa kumi na moja na nusu, na anayelala Kisumu hawezi bila kuamka usiku wa manane. Matembezi ya usiku ya kutafuta wadudu na vinyonga kwa tochi nayo yanamfunga mgeni kitandani kwenu. Kikundi chochote cha Shinyalu kinachopanga ratiba yake kianze na saa hizo mbili. Mchana utajipanga wenyewe.

Nafuga kuku wa kienyeji. Nilikwenda hoteli moja mjini Kakamega nikaambiwa wananunua kwa mtu wa Nairobi. Huu si ubaguzi? — Mama mfugaji, Khayega

Dada, mara nyingi si ubaguzi. Mpishi anayeandika kuku kwenye menyu anataka kuku Jumanne na Jumamosi, wa saizi moja, mwezi wa pili na mwezi wa nane. Wewe una kuku ishirini leo na mwezi ujao huna. Mtu wa Nairobi anauza kuku asiye na ladha, lakini hakosi.

Chukua hoteli inayotumia kuku 60 kwa wiki. Kienyeji walioboreshwa huchukua kama wiki 20 kufikia kilo 2 wakiwa hai, na wakichinjwa na kusafishwa hubaki kilo 1.4 hivi, ambao ndio uzito jikoni hupenda. Mfugaji mmoja hawezi. Kikundi kinaweza kikienda kwa zamu: kila wiki mbili mwanachama mmoja anaingiza vifaranga 140, akitarajia kupoteza wachache na kubaki na 120, ambao ni mahitaji ya hoteli kwa wiki mbili. Kwenye karatasi wanachama kumi wanatosha. Lakini banda linahitaji wiki mbili za kuuzia na wiki mbili za kusafishwa na kukauka kabla ya vifaranga wapya, kwa hiyo mzunguko ni wiki 24, na kikundi kiwe cha watu kumi na wawili. Vikundi vingi tunavyovijua hufa hapa hapa: wote huingiza vifaranga mwezi wa nane wakilenga Desemba, Januari hawana kitu, na mpishi anarudi kwa Nairobi.

Hao vifaranga 20 wa akiba ni wa vifo vya kawaida tu. Kideri, ule ugonjwa wa kuku uitwao Newcastle, kikiingia hakuna akiba itakayokuokoa. Chanja kideri wiki ya kwanza, ya tatu na ya nane, kisha kila miezi mitatu. Chanjo ya Gumboro, ugonjwa mwingine wa kuku, ianze wiki ya pili. Chanjo ya maji ukiiweka kwenye maji ya mfereji yenye klorini umeimwaga. Tumia maji ya mvua au ya kisima, na uwanyime kuku maji kwa saa mbili kabla ili waimalize yote haraka.

Halafu karatasi. Tangu 2024, hoteli haiwezi kuondoa gharama kwenye hesabu ya kodi bila ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, KRA, na mhasibu wake atakukataa kabla mpishi hajaonja. Sajilini kikundi, mpate PIN (namba ya mlipakodi), mtoe ankara hizo kwa simu. Mkulima mdogo asiyeweza anaweza kukubaliana na mnunuzi aitoe ankara kwa niaba yake, mfumo unaruhusu hilo. Na ulizeni malipo mapema. Hoteli ikilipa baada ya siku 30, na kuku mmoja ni 1,000, mtakuwa mmeikopesha kama 240,000 wakati wote. Kama kikundi hakina akiba hiyo ya kununulia chakula cha kuku, anzeni na hoteli ndogo inayolipa kwa M-Pesa kuku anapopokelewa, hata kama bei yake ni ya chini.

Mboga ni rahisi zaidi kuanza nazo. Mrenda, mitoo, saga na kunde hakuna anayezileta kutoka Nairobi zikiwa hai. Zivunwe kabla ya saa mbili asubuhi, zisioshwe, zifungwe kwa kilo na kufunikwa kwa gunia lenye unyevu, zifike jikoni kabla ya saa nne. Mpishi wa hoteli mara nyingi huzikataa kwa sababu kuzichambua kunamla saa nzima. Peleka zilizokwisha kuchambuliwa, uongeze bei.

Sisi ni vijana wa boti pale ufuo wa Dunga, Ziwa Victoria. Wikendi tunagombania wageni hadi safari ya 400 kwa mtu inashuka hadi 200. Tufanyeje? — Vijana wa boti, Kisumu

Fanyeni hesabu ya safari moja kwanza, ya saa moja, mwendo wa polepole kando ya mafunjo. Injini ya nguvu farasi 15 ikikimbizwa hunywa lita 5 hadi 6 kwa saa. Ikinyata itatumia lita 3 au chini ya hapo. Tuseme lita 3 kwa 185, yaani 555. Nahodha 400, mwongozaji 400, mchango wa kikundi cha ufuo 100, na 150 za akiba ya injini na jaketi za kuelea. Jumla 1,605. Abiria sita kwa 400 wanaleta 2,400. Kwa 200 wanaleta 1,200, na mmewalipa wageni wapande boti yenu.

Kinachowadanganya ni zile 150. Hazidaiwi siku hiyo, kwa hiyo mnaposhusha bei mnaziona kama faida. Injini ya 300,000 ikifanya kazi saa 3,000 kabla ya kuchoka, kila saa imekula 100 hata kama hakuna aliyezitoa mfukoni. Siku inapokufa, boti hulala ufuoni miezi sita.

Mfumo wa zamu ndio unaofanya kazi, kama steji ya matatu: boti huandikwa kwenye daftari asubuhi kwa mpangilio wa kufika, bei imeandikwa ubaoni kwa maandishi makubwa, mgeni anakatiwa risiti mahali pamoja, na anayeita wageni barabarani anapoteza zamu yake ya siku. Bila adhabu hiyo daftari litakuwa pambo. Mwongozaji anayejua ndege wa mafunjo aruhusiwe kuombwa kwa jina na kulipwa zaidi. Zamu ni ya boti, ustadi usipangwe foleni.

Kuhusu usalama, kwa sababu ajali moja inafunga ufuo mzima: boti ya viti kumi iwe na jaketi kumi za watu wazima na angalau mbili za watoto, zikaushwe kivulini, na mikanda ivutwe kwa nguvu kila wiki maana hukatikia kwenye mshono. Safari nzuri ni kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa tatu asubuhi. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko ziwa, upepo unavuma kutoka majini na mawimbi yanapanda. Gugumaji likizunguka pangaboi, tatizo si kasi tu. Huziba pia tundu la maji ya kupoza injini. Nahodha aangalie ule mchirizi wa maji unaotoka nyuma ya injini. Ukikatika, azime papo hapo, ainue injini, atoe majani. Makasia mawili, pini ya akiba na spana visitoke botini.

Nimestaafu. Nina shamba karibu na mawe ya Kit Mikayi, na benki iko tayari kunikopesha 900,000 nijenge chumba cha wageni. Nikubali? — Mwalimu mstaafu, Seme

Mwalimu, kwa chumba kimoja, hapana. Mkopo wa 900,000 kwa riba ya asilimia 16, miaka mitano, unakutaka kama 21,900 kila mwezi. Ongeza 9,000 za mlinzi, usafi na intaneti. Ni 30,900 kabla mgeni hajabisha hodi. Ukitoza 2,500 kwa usiku, toa 375 za kamisheni ya mtandao wa kuuzia vyumba ukiwa unachukua asilimia 15, 300 za kifungua kinywa, na 225 za kufua, sabuni na umeme. Unabaki na 1,600. Gawanya: unahitaji usiku 19 hadi 20 kila mwezi, pamoja na Aprili na Mei wakati wa masika. Wengi wanaofika Kit Mikayi hupiga picha, hupanda mawe na kurudi Kisumu kabla ya jua kuzama. Huo ujazo wa theluthi mbili ya mwezi ni wa hoteli yenye jina.

Njia yenye akili ni kutengeneza chumba ambacho tayari kipo nyumbani, labda kile cha mtoto aliyehamia mjini. Tuseme 120,000 za akiba yako: godoro zito, chandarua cha mraba (cha duara mgeni mrefu hulala kikimgusa miguu, na mbu humuuma hapo hapo), wavu wa dirisha, kufuli jipya, choo cha ndani au kilicho karibu chenye taa, na maji. Kwa kuwa huna deni, na mlinzi na msafishaji ni wewe na jamaa zako, kila usiku unakuachia zile 1,600. Usiku 75 zinarudisha fedha zote. Hata ukipata sita tu kwa mwezi, ni mwaka mmoja na kidogo.

Usidharau maji, malalamiko mengi ya wageni wa vijijini huanzia bafuni. Mgeni hutumia lita 80 hadi 100 kwa siku. Wageni wawili ni lita 200, kwa hiyo tangi la lita 5,000 lililojaa ni siku 25 za wageni mfululizo, kama familia ina chanzo chake kingine. Paa la mabati la mita 50 za mraba hukusanya karibu lita 42 kwa kila milimita ya mvua baada ya upotevu, hivyo mvua kubwa ya milimita 40 inakupa lita 1,700. Weka kifaa cha kumwaga maji ya kwanza, maana ndiyo yanayobeba vumbi na kinyesi cha ndege.

Utahitaji leseni ya biashara ya kaunti, leseni ya mamlaka ya utalii, TRA, ambayo inatambua malazi ya nyumbani, cheti cha afya cha anayepika, kizima moto, na rejista yenye namba ya kitambulisho au pasipoti ya kila anayelala. Kodi ya mauzo ya asilimia 3 huanza pale mauzo ya mwaka yanapofika milioni 1. Kwa chumba kimoja cha 2,500 huwezi kufika hapo hata kikijaa kila siku ya mwaka.

Kijana wangu amemaliza kidato cha nne na anaujua msitu vizuri. Kuongoza watalii ni kazi ya kumlisha mtu? — Mzazi, Buyangu

Ya kumlisha peke yake, si mwaka wa kwanza. Akisubiri langoni kila siku atapata safari chache kwa wiki, nyingi za saa mbili. Wanaoishi kwa kazi hii ni wale wanaoombwa kwa jina, na kwa Kakamega maana yake ni ndege. Msitu huu una zaidi ya aina 300 za ndege, na kwa kuwa ndio msitu wa mvua wa aina ya Kongo uliosalia Kenya, baadhi yao mtu hawezi kuwaona kwa urahisi kwingine nchini. Mwangaliaji ndege hulala usiku tatu au nne, hulipa kwa siku nzima, na huambia wenzake. Kijana ajifunze sauti kwanza, kwa sababu msituni husikika ndege kumi kabla ya kuonekana mmoja. Kisha afanye mtihani wa daraja la shaba wa KPSGA, chama cha waongozaji watalii, apande daraja la fedha baadaye. Darubini ya 8 kwa 42 (inayokuza mara 8, lenzi ya milimita 42) itamfaa kuliko ya kukuza mara 10, maana chini ya miti mwanga ni haba. Wakati huohuo asiache shamba.

Nauza vinyago na shuka karibu na mbuga ya Ziwa Nakuru. Tangu heroe wapungue, biashara imenyong'onyea. Nihamie Naivasha kwenye mashindano ya magari? — Muuzaji, Nakuru

Heroe hawakukimbia watu. Tangu miaka ya mwanzo ya 2010 ziwa limepanda, maji yakapoteza ukali wa magadi, na mwani wanaoula ukapungua. Wengi wakahamia Bogoria na maziwa mengine ya Bonde la Ufa. Maji yalizamisha hata lango kuu la zamani na barabara za kando ya ziwa. Wageni hawakuisha, walibadilika. Sasa anayekuja Nakuru anafuata vifaru na twiga wa Rothschild, na wengi ni Wakenya na wanafunzi. Meza yako ikiwa bado ina vinyago vya 3,000 vya kumuuzia Mzungu, imesubiri mtu asiyekuja.

Safari Rally ilirudi kwenye mashindano ya dunia 2021, na Naivasha hujaa kweli. Lakini ni siku chache tu kwa mwaka, na kodi ya kibanda na chumba cha kulala hupandishwa siku hizohizo. Nenda kama unaweza kubeba mzigo, kuuza na kurudi bila kukodi chochote kwa mwezi. Kinachotoka pale ni kofia, makoti ya mvua na chakula. Vinyago viache nyumbani. Kwa miezi iliyobaki, pata kutoka kwa madereva wa mabasi ya shule siku wanazokuja, kwa kawaida katikati ya wiki muhula wa pili, na upange mezani vitu vya 50, 100 na 200, chenji ikiwa tayari. Watoto 60 wana dakika kumi na tano kabla mwalimu hajapuliza filimbi, na wengi wao hubeba pesa taslimu.